Kumbukumbu ya Kompyuta na Sitara ya Nyumba



Wazazi wenzangu na dada zangu, leo naandika juu ya jambo ambalo hamkuzoea kulisikia kutoka kwa mtu wa madrasa, nalo ni kuongeza kumbukumbu katika kompyuta ya nyumbani. Atakayeuliza sheikh ameingiaje katika kasha la nyaya na feni, jawabu ni kuwa niliingizwa na suala la amana, na amana ni somo letu.

Kompyuta yetu hapa Migori haikununuliwa ikiwa nzima. Iliundwa nyumbani, kipande kwa kipande, na mwanangu wa kiume kabla hajahamia Mombasa kikazi: kasha kuukuu, ubao mama wa aina ya H61, prosesa ya Intel Core i3 ya kizazi cha pili, ile iliyoingia sokoni mwaka 2011, diski ya kawaida, na kipande kimoja cha kumbukumbu cha gigabaiti 4. Asubuhi mke wangu huitumia kutayarisha masomo ya tajwidi ya akina mama. Jioni binti yetu husomea chuo kwa njia ya mtandao. Kwa miaka kadhaa ilitutosha sote, kisha ikachoka. Kufungua ukurasa mmoja kukawa kama kungojea maji ya bomba wakati wa kiangazi. Mara mbili mashine iliganda katikati ya jaribio na muda ukamwishia binti kabla hajawasilisha majibu yake. Kwa kanuni za chuo chake, mara ya tatu angelazimika kurudia somo zima, na ada ya kurudia hatukuwa nayo.

Tukaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akasema kumbukumbu ni ndogo, tumwachie mashine hadi Jumatatu pamoja na neno la siri. Mke wangu akauliza kwa upole: neno la siri la nini? Fundi akajibu kuwa ndivyo afanyavyo kwa kila mteja. Tukamshukuru, tukabeba kasha letu, tukarudi nalo nyumbani.

Nawaeleza kilichomrudisha mke wangu, na najua wanawake wa Pwani watamwelewa kabla sijamaliza. Ndani ya diski ile zimo picha za kupamba kwa binti wa kaka yake. Nyote mnajua kupamba kulivyo: wanawake watupu ukumbini, milango imefungwa, simu zimekatazwa, mpiga picha ni mwanamke, na mabuibui yote yamevuliwa. Yumo bibi harusi na hina yake, wamo mama zake, na wamo wageni mia na zaidi walioingia kwa kuamini kuwa watakayoyavaa usiku ule hayataonwa na mwanamume asiye maharimu wao. Picha zile si mali yetu. Tulipewa tuziweke. Nani basi alitupa ruhusa ya kukabidhi ufunguo wake kwa kijana wa dukani, hata awe mwema namna gani?

Sisemi mafundi ni wabaya. Nasema mlango ulioachwa wazi humjaribu hata mwema. Mwaka 2008 huko Hong Kong mwigizaji mmoja mashuhuri wa filamu aliipeleka kompyuta yake itengenezwe. Picha zake za faragha, pamoja na wanawake waliokuwamo, zikanakiliwa na kusambaa ulimwenguni. Fundi alihukumiwa kifungo mwaka uliofuata, lakini hukumu ya mahakama hairudishi picha sandukuni. Katika Suratun-Nur, aya ya 27, tumekatazwa kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tubishe hodi na kuwasalimu wenyewe. Kwa rai yangu, kufungua faili la mtu ni kuingia nyumbani kwake.

Hapa ndipo elimu kidogo inapookoa sitara kubwa. Neno kumbukumbu linatuchanganya, kwa kuwa ndani ya kompyuta zimo kumbukumbu mbili zisizofanana kabisa. Ya kwanza ni diski: kilichoandikwa humo hubaki, umeme uwepo usiwepo, na hata ukikifuta mara nyingi mtaalamu huweza kukirudisha. Ya pili ni ile ambayo mafundi huiita RAM, nayo ndiyo iliyotupungukia. Hii ni meza ya kazi. Kila programu unayoifungua hutandazwa juu yake, na umeme ukizimwa meza yote inapanguswa. Kipande cha RAM kilichotumiwa na mwenzio miaka kumi hakina siri yake hata moja, nacho chako hakina siri yako. Tena kukiongeza hakuhitaji kuigusa diski wala kulijua neno la siri, maana mashine yenyewe huhesabu kumbukumbu yake inapoamka, kabla haijauliza wewe ni nani.

Namna inavyofanya kazi ilinipendeza kama mtu aliyekaa na wanafunzi wa hifdhi maisha yake yote. Aliyebuni aina hii ya kumbukumbu ni mhandisi Mmarekani, Robert Dennard wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1968. Kila herufi ndogo ya hesabu huwekwa kama chaji kidogo sana ya umeme katika kichombo kinachovuja. Kwa kuwa kinavuja, mashine hulazimika kukisoma na kukijaza upya kila baada ya milisekunde 64 hivi, bila kupumzika, madamu imewashwa. Nilipomweleza mke wangu alicheka, akasema basi hii nayo ina murajaa wake. Naam. Na asiyefanya murajaa tunajua linalompata.

Meza ikijaa, kompyuta haisemi imejaa. Huchukua baadhi ya vilivyo mezani na kuviandika kwa muda katika diski, kisha huvirudisha vinapotakiwa, na kwa kuwa diski ni ya polepole mno kuliko RAM, hapo ndipo mashine inapoganda na kitaa chake kumetameta. Mwenye Windows abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, atazame sehemu ya kumbukumbu. Yetu ilionyesha asilimia 90 imetumika, na binti hakuwa amefungua zaidi ya kivinjari na somo moja. Ikiwa yako inaonyesha nusu tu nayo ni nzito, usinunue RAM, maradhi yako yako kwingine.

Kununua kipande nako kuna masharti yake, na hapa wengi hupoteza pesa. Vipande vya kompyuta ya mezani ni virefu, vya kompyuta ya mapajani ni vifupi, na havibadilishani. Kisha kuna vizazi. Ubao wetu unataka DDR3, yenye miguu 240. DDR4 ina miguu 288, na pengo lililokatwa ukingoni mwake haliko mahali pamoja, kwa hiyo haiingii, na anayeilazimisha huvunja ubao. Ubao wa H61 haupokei zaidi ya gigabaiti 16. Tena mfumo wa Windows wa biti 32 hauwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 hata ukiongezewa, hivyo lazima uwe wa biti 64. Binti aliyakagua yote haya na kuyaandika katika karatasi kabla hatujatoa hata shilingi.

Migori mjini tulipata vipande vya mapajani na vya DDR4, cha kwetu hatukukiona. Ikawa nina safari ya Homa Bay kwenda kusimamia nikaha, na mpwa wangu anayeishi huko akanipigia simu: mjomba, hapa yuko kijana anayeuza vipande vilivyotumika, njoo na binti mwenyewe achague. Tukashika njia ya Awendo na Rongo, tukakata Rodi Kopany, tukaingia Homa Bay ziwa likiwa limetulia na harufu ya samaki imejaa sokoni.

Yule kijana si Muislamu, ni Mluo wa hapo hapo. Alitoa vipande viwili vya gigabaiti 4, kimoja kwa shilingi 1,200 na kingine kwa 700. Binti akauliza tofauti yake nini. Akasema bila kusukumwa: "Sheikh, hiki cha 700 kuna mashine moja ilikikataa wiki iliyopita. Labda ni mashine, labda ni chenyewe. Siwezi kukuapia." Nilisimama pale nikamkumbuka Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini ni kibichi, akamkemea muuzaji kwa kuuficha ubichi ule badala ya kuuweka juu watu wauone. Kijana huyu alikuwa ameuweka ubichi juu. Nimewaona mahujaji wawili watatu wasiofanya hivyo, na hilo nalisema kwa uchungu.

Tulichukua cha 1,200, tukapatana tuwe na siku tatu za kukirudisha, ambazo ndizo ukomo wa khiyari ya sharti katika madhehebu yetu ya Shafi. Khiyari ya aibu ni mlango mwingine: aibu iliyokuwapo kabla ya kununua, nawe hukuijua, inakupa haki ya kurudisha pale unapoigundua, maadamu hukuchelewa bila udhuru. Wanunuzi wa vitu vilivyotumika wazifahamu khiyari hizi mbili, maana bei rahisi haizifuti.

Kazi yenyewe aliifanya binti, mama yake akishika tochi, mimi nikiwa mbali na bisibisi. Alizima mashine, akachomoa waya ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliosalia ndani uishe. Huku kwetu kandokando ya ziwa radi hazina miadi, na mvua ya alasiri ikikaribia si wakati wa kuacha waya ukutani. Kisha dada zangu nisikilizeni: adui wa vipande hivi ni umeme tuli, ule unaotoa cheche ndogo mtu anapovua nguo gizani. Buibui la kitambaa cha viwandani likisuguana na zulia huukusanya kwa wingi. Binti alivaa leso ya pamba, akasimama miguu mitupu juu ya saruji, akagusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kipande. Haigharimu kitu.

Alifungua vibano vya mtaro mtupu, akalinganisha pengo, akakandamiza ncha zote mbili kwa vidole gumba. Inataka nguvu kuliko mtu anavyodhani, ubao ukapinda kidogo naye akasita. Mama yake akamwambia sema Bismillahi umalize. Vibano vikalia ta, ta.

Tukawasha. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Nilianza kuzihesabu siku tatu zangu. Binti alizima, akachomoa waya tena, akakitoa kipande, akasugua taratibu miguu yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akapangusa vumbi, akakirudisha. Ni dhahabu kweli, utando mwembamba mno, imepakwa kwa sababu haishiki kutu. Nasi wa Migori, tulio na machimbo ya Macalder, tulicheka kuwa dhahabu tumekwenda kuinunua Homa Bay. Safari ya pili mashine ikaamka na kuandika gigabaiti 8.

Haikutosha kuiamini kwa kuiona. Usiku ule binti aliweka Memtest86+, programu ya bure ya kupima kumbukumbu, ikapima tangu baada ya Isha hadi adhana ya alfajiri bila kosa hata moja. Wiki iliyofuata aliwasilisha jaribio lake na dakika kumi na moja zikabaki. Kumbukumbu haitibu kila kitu: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yetu haimo katika zile zinazokubaliwa na Windows 11. Kwa hiyo binti sasa anajifunza Linux, ambayo haina ada. Majirani wawili wameshamletea makasha yao, na huwafanyia wao wakiwa wamekaa pembeni wanatazama. Hilo sharti aliliweka mwenyewe.

Ilibaki diski. Mke wangu alizihamisha picha za kupamba katika diski ndogo ya nje isiyounganishwa na mashine, akaifunga katika sanduku la vito vyake. Kisha akampigia simu binti wa kaka yake Mombasa kumuuliza kama anataka picha hizo zifutwe kabisa. Kukawa kimya kidogo. "Shangazi, usizifute," akasema. Simu yake ilikuwa imeibiwa kwenye matatu mwezi uliotangulia, na mpiga picha alikwisha kuzifuta zake kama walivyoafikiana. Za kwetu ndizo zilizobaki. Tutakapokuja Mombasa, inshallah, mke wangu atazibeba mwenyewe mkobani.