Muulize Anayebeba

Usiku mmoja wa mwezi wa pili rafiki yangu aliyeko Texas alinipigia simu, na hata salamu hazikuisha akaingia kwenye shida yake. Kwenye kompyuta alikuwa amefungua kampuni nane za kuongoza wawindaji, zote za huku British Columbia, Kanada, na kila moja ilikuwa na picha ya mtu aliyepiga goti kando ya mnyama mweupe juu ya jabali. Ameweka akiba miaka sita ili aje kuwinda mbuzi wa milimani. "Wewe uko huko huko," aliniambia. "Nichagulie moja."

Naishi Terrace, kando ya mto Skeena, na milima wanakoishi mbuzi hao naiona dirishani nikiosha vyombo. Mimi ni mkazi wa jimbo. Nikiwa na leseni naruhusiwa kupanda mwenyewe na bunduki yangu. Yeye ni mgeni kutoka nchi nyingine, na mgeni wa namna hiyo lazima aongozwe na mwenye leseni. Tena kila kampuni ina eneo lake lenye mipaka, na kampuni nyingine haiwezi kuingia humo kuongoza mgeni. Mtanzania akisikia hivyo anaelewa mara moja kwamba hivi ni vitalu. Nimezaliwa Itigi, na mjomba wangu alifanya kazi ya kufuata nyayo kwa miaka ishirini na mitatu katika kambi za uwindaji wa kitalii upande wa Rungwa. Nilidhani nimeombwa ushauri wa mambo ya ugenini, kumbe nimeulizwa habari za nyumbani.

Nianze na mnyama, maana yeye ndiye anayeamua kampuni ipi inafaa. Kwa ukoo si mbuzi hasa, ingawa kila mtu anamwita hivyo. Zaidi ya nusu ya mbuzi hawa wote duniani wako katika jimbo hili, kwenye magenge ambayo ukiyatazama kutoka bondeni huoni hata mahali pa kuweka kwato. Beberu na jike wote ni weupe, wote wana pembe nyeusi, na kwa mbali hata mwenyeji anakosea. Pembe za beberu ni nene pale zinapoota na hupinda taratibu hadi mwisho. Za jike ni nyembamba, halafu zinajikunja ghafla karibu na ncha. Jike huanza kuzaa akiwa na miaka minne au mitano, kwa kawaida mtoto mmoja, na si kila mwaka. Kundi dogo likipoteza majike wawili watatu, inachukua miaka mingi kujaa tena. Ndiyo maana serikali ya jimbo inawasihi wawindaji wachague beberu, hata pale ambapo sheria haimkatazi mtu kumpiga jike asiye na mtoto.

Kwa hiyo, kati ya jike huyo na risasi, mlimani yuko mtu mmoja tu: mwongozaji aliyelala kifudifudi kando yako, jicho kwenye darubini. Unapolipa kampuni, unamlipa mtu huyo akwambie "acha" wakati umeshalowa, umechoka, na umebakiza siku moja.

Kwetu hayuko peke yake. Tanzania mtalii hawindi bila askari wa wanyamapori kuandamana naye, mbali na mwindaji bingwa wa kampuni. Kwa simba kuna kanuni ya umri: awe ametimiza miaka sita. Mjomba alikuwa akinisimulia jinsi walivyotazama pua ya simba dume, kwamba akiwa kijana ni ya waridi, na kadiri anavyokua inazidi kuwa nyeusi. Pua ikiwa bado na waridi nyingi, mjomba anamgusa mwindaji bingwa begani na kunong'ona, "Huyu bado mtoto." Gari linageuzwa. Huku serikali haitembei nawe, inakusubiri chini. Ukishaua mbuzi unapeleka pembe kwa mkaguzi, naye anahesabu pete zinazoota kila mwaka na kuandika umri na jinsia. Ni kazi muhimu, bila hiyo hakuna ambaye angejua mlima una nini. Lakini mkaguzi anaandika kilichokwishatokea. Katika hili utaratibu wetu ni bora, na nalisema nikijua vizuri kasoro zetu nyingine. (Wasomaji wangu wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, najua wengi wenu mngependa mjadala mwingine kabisa. Nauheshimu, ila si wa leo.)

Kwenye kuchagua, huku wana desturi moja ninayoitamani kwetu. Kampuni inakupa namba za simu za wateja wake wa zamani, uwapigie mwenyewe, uwaulize utakalo. Kwetu tunauliza ndugu. Binamu akisema "hao jamaa ni wazuri, nawajua," tumemaliza, iwe ni kampuni ya safari, fundi wa paa au shule ya mtoto. Undugu huo una nguvu yake, kwa sababu binamu akikudanganya mtakutana msibani. Lakini mgeni asiye na binamu Arusha anabaki na picha za kwenye tovuti tu.

Rafiki yangu alikuwa ameshapiga simu kumi. Watu wote kumi walimpata mbuzi, wote walifurahi. Kampuni moja ilijitangaza kuwa na mafanikio ya asilimia 100. Nilipowaandikia kuuliza wanahesabuje, jibu lilikuja kwamba wanahesabu kila mgeni aliyepata nafasi ya kupiga, hata kama hakupiga au alikosa. Niliuliza tena: kati ya mbuzi wa msimu uliopita, majike walikuwa wangapi? Hawakujibu swali hilo. Walinitumia mkataba, wakataka nusu ya bei iwe kianzio kisichorudishwa.

Hapo nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Huko bado baridi?"

Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza siku zote, halafu akaniuliza ni nani atakayebeba. Sikumwelewa. Akasema kule Rungwa, kama ungetaka kujua kambi nzuri, usingemuuliza mwenye kampuni wala mgeni aliyepanda ndege na nyara yake. Ungekwenda jikoni na kwa wachuna ngozi, uulize nani yuko hapa tangu lini. Kambi ambayo wafuata nyayo wake wanabadilika kila msimu, kuna jambo. Ama hawalipwi, ama wakisema "bado mtoto" hawasikilizwi. "Muulize anayebeba," alisema. "Huyo hana cha kukuuzia."

Huku, ukishapanda, hakuna wachuna ngozi wala mpishi wa kambi. Kule kwetu mgeni hubebwa na Land Cruiser sehemu kubwa ya njia. Mizigo ina watu wake. Mlimani huku mnakwenda wawili au watatu, hema mgongoni, na yule anayekuongoza ndiye anayepika, ndiye anayechuna, ndiye anayebeba. Beberu mkubwa anaweza kupita kilo 100, na sheria inataka nyama inayolika ishuke, si kichwa na ngozi tu. Hivyo swali la mjomba niliweza kulielekeza kwa mtu mmoja. Niliandikia kampuni zote nane maswali mawili: nani hasa atatembea na rafiki yangu, na amefanya kazi kwenye eneo hilo misimu mingapi? Tano zilijibu kwamba mwongozaji atapangwa karibu na safari. Moja haikujibu. Mbili zilitaja jina.

Na kwa hizo mbili nikaomba jambo ambalo rafiki yangu aliliona la ajabu: namba ya mteja aliyerudi mikono mitupu. Mmoja wa wenye kampuni alicheka kidogo, akasema anao watatu, nichague.

Niliyempigia alikuwa mtu wa makamo, mkulima wa ngano Saskatchewan. Alikaa mlimani siku tisa. Siku tano hawakuona kitu, ukungu umejaa kama maziwa, wakabaki hemani wakisikiliza mvua. Siku ya sita ukafunguka, na mita mia mbili na hamsini mbele yao beberu mzee alikuwa amelala kwenye ukingo. Mkulima aliweka bunduki tayari. Mwongozaji alitazama kwa darubini muda mrefu, akauliza, "Ukimpiga, ataangukia wapi?" Chini ya ukingo ule palikuwa na korongo lisilofikika. Mbuzi huyu hata akipigwa vizuri huweza kujitupa hatua mbili tatu, na akishapita ukingo anabingirika mpaka chini, pembe zinavunjika, na nyama haifuatiki. Walisubiri saa nne asogee. Alipoinuka, aliondoka kwa upande wa pili wa mlima. Mkulima yule alinisimulia haya yote bila kinyongo, kisha akaniambia ameshalipia kurudi na mwongozaji yule yule. Nilimuuliza kama anaweza kuniambia mabaya yake. Akafikiri. "Kahawa yake," alisema, "ni mbaya sana."

Nikampigia rafiki yangu usiku huohuo, tukachagua kampuni hiyo.

Alikuja wiki ya pili ya Septemba. Ndege ndogo iliwashusha ziwani, wakapanda siku mbili. Siku ya nne walimwona mbuzi peke yake, mkubwa, na rafiki yangu ananiambia angeapa ni beberu. Mwongozaji alimwambia asubiri mnyama akojoe. Wakalala kwenye mawe yenye baridi karibu saa mbili, kiganja chake kikifa ganzi kwenye bunduki. Beberu akikojoa husimama na kujinyoosha mbele. Jike huchuchumaa nyuma. Mwishowe mnyama aliinuka, akachuchumaa. Wakafunga mizigo, wakaenda ukingo mwingine.

Siku ya saba walipata beberu, kwenye uwanda mdogo wa nyasi ambako hakuwa na pa kuangukia. Mkaguzi alihesabu pete, akasema ana miaka minane. Rafiki yangu alilala kwangu usiku mmoja kabla ya kurudi Texas, tukachemsha nyama ya bega kwa tangawizi na ndimu, kwa saa tatu, mpaka ikalainika.

Nilimtumia mjomba picha ya pembe. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, jogoo akiwika nyuma yake.

"Hongereni. Nyama mmeshusha yote?"

Nikamwambia yote, na kwamba rafiki yangu mwenyewe alibeba paja zima kutwa nzima, mvua ikinyesha.

"Na huyo kijana aliyebeba zaidi, anaitwa nani?"

Nikamtajia jina. Akalirudia mara mbili, polepole, mpaka akalipata sawasawa.