Msome Mwanao, Usimhesabie Miaka

Kwale

Mwanangu mpenzi,

Simu yako ya juzi imenikaa moyoni. Ulizungumza kwa sauti ya chini, nikajua mavyaa wako yuko karibu. Nimeona bora niandike, kwa kuwa haya ni mambo ya kusoma mara mbili tatu, na barua unaweza kumpa mumeo naye akaisoma.

Umeniambia mjukuu wangu ametimiza miaka mitano na bado anafungwa daipa. Chekechea wamekataa kumpokea mpaka ajue choo. Nyumbani nako unaambiwa umemdekeza, kwamba watoto wa ukoo wetu hujua choo kabla hawajatambaa. Nianze na hilo la mwisho, kwa maana ndilo linalokuuma zaidi.

Lina ukweli ndani yake. Mwaka 1977 watafiti wawili, Marten na Rachel deVries, waliandika habari zetu sisi Wadigo katika Pediatrics, jarida la Marekani la tiba ya watoto. Walieleza jinsi mama wa Kidigo anavyoanza kumkojoza mtoto tangu wiki za kwanza, na kwamba mtoto akifika miezi 5 au 6 anakaa mkavu mchana na usiku. Huko Marekani wazazi walikuwa wakifundishwa kinyume chake. Daktari T. Berry Brazelton alikuwa amewashauri tangu 1962 wasubiri mtoto aonyeshe mwenyewe kuwa yuko tayari, na wasianze kabla ya mwaka mmoja na nusu hivi.

Lakini mtazame yule mama wa Kidigo vizuri. Ameketi chini, miguu ameinyoosha. Mtoto amemweka katikati ya miguu yake, anatazama mbele, mgongo umeegemea mwili wa mama. Anamfanyia ule mlio wetu wa "shuuu". Mkojo ukitoka anafurahi naye, anamkumbatia, anamnyonyesha. Mtoto wa wiki tatu hajui choo ni kitu gani. Anayejua ni mama. Amezijua saa za mwanawe, anajua anavyojinyonganyonga kabla ya mkojo kuja, amempa mkao wa salama na ishara isiyobadilika. Kofi halimo kabisa. Basi atakayekuambia ufuate desturi yetu, mkubalie. Chukua jicho la mama, chukua mkao, chukua ishara, saa na upole. Ila miezi usiichukue, kwa sababu miezi ile ilihesabiwa kwa watoto wengine.

Mjukuu wangu ana sindromu ya Down. Tangu 1959 inajulikana kwamba chanzo chake ni kromosomu ya ziada, ile ya 21, kwa hiyo hakuna ulichokula wala jicho la mtu lililomfikisha hapo. Misuli yake ni milegevu tangu kuzaliwa, ya tumbo na ya nyonga ikiwemo, na dalili za mwili wake huchukua muda kumwelea. Watoto wengi wenye hali yake hujua choo. Wengine hujua wakiwa na miaka minne, wengine sita au saba. Mitano si aibu.

Sasa tuingie kazini, na kazi yenyewe inaanzia tumboni. Ulitaja kwa kupita tu kwamba akibanwa anajificha nyuma ya pipa la maji, anasimama kwa ncha za vidole, anakaza matako, uso unamwiva, na ukimfuata anakimbia. Wewe umedhani anasukuma. Miaka yangu ya uuguzi niliwaona watoto wa namna hiyo wengi, nami nakwambia anazuia. Kuna siku alitoa choo kigumu kikamchana, tangu hapo anakiogopa. Choo kinachozuiwa kinakauka, utumbo unatanuka, mwisho mtoto hahisi tena kwamba umejaa. Kisha choo chembamba kinapenya pembeni mwa kile kigumu na kuchafua nguo bila yeye kujua. Watu wakiona hivyo husema anaharisha, wakampa dawa ya kufunga tumbo, na hapo wanamzidishia. Utumbo uliojaa unakibana na kibofu pia, ndiyo sababu mkojo nao unamponyoka.

Kwa hiyo mpeleke kwa daktari kwanza, umweleze habari ya pipa kama ulivyonieleza mimi. Mwombe apime damu aangalie tezi ya shingo, kwa sababu watoto wenye Down huugua tezi hiyo zaidi ya wenzao, na ikilegea choo hufunga. Mwombe apime na mkojo. Ukikumbuka kwamba alipozaliwa choo chake cha kwanza kilichelewa kupita siku mbili, usiache kusema. Kuna ugonjwa wa utumbo wa kuzaliwa nao, Hirschsprung, ambao huwapata watoto hawa mara nyingi zaidi. Akipewa dawa ya kulainisha choo, usiikatize kwa kuwa siku mbili tatu amejisaidia vizuri. Utumbo uliotanuka huchukua miezi kurudi hali yake, na daktari ndiye atakayekuambia upunguze lini. Mpe mapapai, maembe, kunde, mchicha, na maji ya kutosha. Usimnyime maji ukidhani utapunguza mkojo, kwa sababu mkojo mzito hukiwasha kibofu na choo huwa kigumu zaidi.

Akiwa hana maumivu tena, chukua daftari. Kwa siku chache, kila saa ya mchana, mguse nguo uandike: mkavu, mkojo, au choo. Saa zake zitajionyesha. Akiweza kukaa mkavu saa moja na nusu au mbili, kibofu chake kimeanza kutunza mkojo na mnaweza kuanza. Kama analowa kila baada ya dakika chache, rudi na daftari kwa daktari.

Halafu mkao. Choo chenu ni cha shimo, na mtoto yule anaona giza tu pale chini. Mwambie seremala akutengenezee kigoda chenye tundu, mgongo wa kuegemea na mahali pa kushika pande zote mbili, kimo cha kumfanya akanyage chini sawasawa na magoti yawe juu kidogo ya nyonga. Chini yake weka poti. Mtoto mwenye misuli milegevu akining'inia, nguvu zake zote huishia katika kujizuia asianguke, na aliyejikaza hawezi kuachia. Kigoda kikae chooni au mlangoni pa choo, kisikae sebuleni mbele ya runinga, ili ajue mahali pamoja na kazi yake. Akishazoea, kipandishwe juu ya shimo.

Saa za kumpeleka ni hizi: akiamka, dakika 20 au 30 baada ya kila mlo, kabla ya kuoga, kabla ya kulala, na zile ulizozipata daftarini. Baada ya kula ndiyo saa bora kuliko zote, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo wenyewe huanza kusukuma. Dakika tano zinatosha. Isipotoka kitu, mwinue kwa uso mkunjufu mwende zenu. Akiwa ameketi mpe povu la sabuni apulize, maana anayepuliza tumbo lake linasukuma bila kufundishwa.

Watoto wenye Down hushika zaidi wanachokiona kuliko wanachokisikia, na wengi masikio yao ni mazito. Kwa hiyo chagua neno moja na ishara moja ya mkono, kama vile kujigusa tumbo mara mbili, uifanye kila mara kabla ya kumpeleka, hata siku ambayo una haraka. Piga kwa simu picha za kigoda, kopo la maji, sabuni na kaptula inayopandishwa, uzichapishe, uzibandike ukutani kwa mpangilio, umwonyeshe moja moja. Kikitoka kitu, msifu hapo hapo na umpe tende moja. Sifa ya baadaye hatajua ni ya nini.

Mchana mvue daipa. Inafyonza mno, hata hajisikii kwamba amelowa. Mnunulie chupi za pamba na kaptula za lastiki, usimpe zipu wala vifungo. Usiku mwache nayo kwanza. Ukavu wa usiku huja baadaye sana, na hakuna mtoto anayekojoa usingizini kwa kusudi. Wimbo wa kikojozi usiimbwe nyumbani mwako, na godoro lake lisianikwe mbele ya watu.

Akijichafua, mpeleke chooni umbadilishe huko huko. Yeye mwenyewe aitie nguo chafu katika ndoo. Mwambie "mkojo ni wa chooni", basi, usiongeze. Watu watakuambia samaki mkunje angali mbichi, wakimaanisha fimbo. Kataa kwa adabu, lakini kataa. Mtoto huyu akichapwa haelewi kwamba amekosea mahali. Anachoelewa ni kwamba kujisaidia mbele ya mama ni hatari. Atazuia, atajificha, na utarudi kumtafuta nyuma ya pipa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalisemi, nami nitalisema. Mfundishe kufunga mlango. Wanaomsaidia chooni wawe watu wachache wanaojulikana, na ajue kumkatalia mwingine yeyote. Mtoto anayesafishwa na kila apitaye ni rahisi kudhuriwa asiweze kusimulia. Mfundishe kuchamba kwa mkono wa kushoto na kunawa kwa sabuni, hata akifanya nusu tu nawe ukamalizia. Kila anachokiweza mwenyewe kinampunguzia mikono ya watu mwilini mwake.

Kuhusu chekechea, usikubali kufungiwa mlango. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wake na ya kuingia katika taasisi za elimu pamoja na wengine. Nenda na mumeo, nenda na daftari lako, mwonyeshe mwalimu saa za mtoto, neno lake na ishara yake, umwombe afuate hizo hizo. Mwalimu akiona kazi imepangwa hofu humpungua. Akishikilia kukataa, nenda kituo cha tathmini ya elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu wakushauri.

Kazi hii ni ya miezi, pengine zaidi ya mwaka. Akiugua au akigoma kabisa, simamisheni wiki chache muanze tena. Na ikiwa atafika mahali anakwenda kwa saa zake na kubaki mkavu, lakini hajui kuomba mwenyewe, mhesabie amefaulu. Watu wazima wengi wenye hali yake wanaishi hivyo kwa heshima kamili.

Jambo la mwisho ni mavyaa wako. Usishindane naye. Mpe kazi. Mwombe asubuhi ashike zamu ya kumkalisha mjukuu wake na kumfanyia "shuuu", kwa kuwa mlio huo anaujua kuliko wewe na mimi. Mumeo achukue zamu ya jioni, dada wa kazi aonyeshwe ishara. Mtoto akisikia neno lile lile kwa kila mtu ndani ya nyumba atashika mapema zaidi, na wewe utapata kupumua.

Nenda kwa daktari wiki hii, daftari litafuata. Utakaponipigia tena sema kwa sauti yako ya kawaida, hakuna cha kuficha. Nisalimie mumeo, nimkumbatie mjukuu wangu kwa mikono yako. Mwenyezi Mungu akupe subira na afya.

Wako akupendaye,
Shangazi yako