Uvumilivu Usio na Faida

Yako maradhi ambayo watu hawayahesabu kuwa maradhi. Hayamwangushi mtu kitandani kama malaria, wala hayamkondeshi kama kifua kikuu. Huanza kwa uzito wa miguu wakati wa jioni. Kisha mishipa hutokeza chini ya ngozi, minene, ya kibuluu, imejipindapinda kama mizizi iliyotokeza juu ya ardhi. Kwa kuwa mgonjwa aweza kutembea na kufanya kazi yake, husema, "Ni uchovu tu," na miaka hupita.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika nyanda za juu za Kenya. Kazi yake ilikuwa ya kusimama mbele ya ubao tangu asubuhi mpaka alasiri. Mama yake alikuwa na mishipa kama hiyo tangu alipozaa mtoto wa tatu, naye mwalimu aliihesabu kuwa urithi, kama vile mtu arithivyo pua ya babaye. Katika jambo hilo hakukosea sana, maana maradhi haya hufuata ukoo mara nyingi. Tena huongezwa na uzazi, umri, unene, na kazi ya kusimama muda mrefu. Lakini kurithi shamba lenye magugu si sababu ya kutolipalilia.

Kiini cha maradhi haya kimejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1603 Hieronymus Fabricius, profesa wa Padua katika Italia, alipiga chapa kitabu cha kueleza vilango vidogo vilivyomo ndani ya vena, yaani mishipa irudishayo damu moyoni. Mwanafunzi wake Mwingereza, William Harvey, akaonyesha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini, na kwamba vilango hivyo huiruhusu kwenda upande wa moyo tu. Kila mtu apigapo hatua, misuli ya shavu la mguu huikamua damu na kuipandisha juu, na vilango huizuia isirudi. Vikilegea, damu hurudi chini na kutuama. Mshipa hutanuka, mguu huvimba, na baada ya miaka ngozi iliyo karibu na kifundo hugeuka kuwa nyeusi na ngumu. Ngozi ya namna hiyo ikikwaruzwa kidogo tu, huenda isipone.

Mwalimu alivumilia miaka 15. Alivaa suruali ndefu hata siku za michezo, na nyumbani aliketi huku mguu ameuficha chini ya meza. Mwaka wa 16 kijiti cha kuni kilimkwaruza juu ya kifundo cha ndani, pakafanya kidonda. Kidonda kikawa lile watu waliitalo donda ndugu: leo hukauka, kesho hutoa maji, na harufu yake humtangulia mgonjwa mlangoni. Wanafunzi wa dawati la mbele walianza kugeuza nyuso zao, na hilo lilimuuma kuliko kidonda chenyewe.

Washauri hawakukosekana. Mmoja alisema amekanyaga dawa aliyotegewa njiani. Mwingine akataka achanjwe kwa wembe ili damu mbaya itoke. Laiti angalikubali, angalijitia katika hatari kubwa, maana mshipa wa namna hii ukikatwa hutoa damu kwa nguvu. Aliyemwokoa ni mkewe. "Mwalimu," alimwambia, "kila siku unawafundisha watoto wa watu kwamba ugonjwa hutibiwa hospitali. Je, mguu wako haukuhudhuria somo hilo?"

Hofu yake kubwa ilikuwa kisu. Hofu hiyo ina historia ndefu. Plutarch, mwandishi wa kale, asimulia habari za Gaius Marius, jemadari wa Roma aliyekufa mwaka 86 kabla ya Kristo. Miguu yake yote miwili ilikuwa na mishipa hii. Alikatwa mguu mmoja bila kufungwa kamba na bila kupiga kelele. Lakini tabibu alipoufikia wa pili, Marius alikataa, kwa kuwa aliona faida ya tiba haikulingana na maumivu yake. Marius alikuwa na haki ya kukataa, maana zama zake hapakuwa na dawa ya ganzi. Mtu wa leo hana udhuru huo.

Hospitalini daktari alimtazama akiwa amesimama. "Pole, Mwalimu," alisema, "umeuchukua mzigo huu siku nyingi." Aliipima mishipa kwa chombo cha mawimbi ya sauti, kionyeshacho damu inavyokwenda na mahali irudipo chini. Vilevile alihakikisha kwamba damu ishukayo mguuni yafika vizuri, kwa sababu mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa huweza kuharibika. Ndipo kidonda kikasafishwa na mguu ukafungwa bendeji za kubana.

Daktari alimweleza ya kuwa siku hizi mshipa mbovu huweza kuzibwa kwa joto la leza au la mawimbi ya redio, au kwa kudungwa sindano ya dawa yenye povu; na pasipo na vyombo hivyo, upasuaji wa kuufunga na kuuondoa ungali tiba yenye manufaa. Damu haikosi njia, maana hupita katika vena nyingine zilizo nzima. Katika hospitali ile palikuwa na upasuaji, naye akaukubali.

Wala haifai kungoja kidonda kipone kwanza. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2018 uliwalinganisha wagonjwa 450 wenye vidonda vya aina hii. Wote walifungwa bendeji, lakini nusu yao walitibiwa mishipa mapema na wengine walingojeshwa. Muda wa kati wa kupona ulikuwa siku 56 kwa wale wa kwanza, na siku 82 kwa waliongojeshwa.

Kidonda cha mwalimu kilifunga. Weusi wa ngozi haukuondoka, na soksi ya kubana anaivaa kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Hayo ndiyo malipo ya miaka 15, na hayarudishwi.

Mambo mawili yafaa kujulikana katika kila nyumba. Mshipa wa mguu ukipasuka, mgonjwa alazwe chini, mguu uinuliwe juu kuliko moyo, na pale panapotoka damu pakandamizwe kwa kitambaa safi huku akipelekwa hospitali. Asiachwe ameketi wala kusimama. Tena mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafula, pengine damu imeganda ndani. Hapo hapana kungoja hata kesho, hasa akishindwa kupumua vizuri.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Uvumilivu ni sifa njema kwa mtu aliyekosa njia. Kwa mtu ambaye njia iko mbele yake, na hospitali iko mwisho wa njia hiyo, ni kuuchosha mguu bure.