Video ya kogo haifai kupitia baharini

Wasee, tuongee ukweli. Kama uko na kompyuta mbili na simu tatu kwa nyumba moja, na bado unajitumia faili kwa WhatsApp ndio zitoke sebuleni zifike chumbani, unajisumbua bure. Video inabanwa mpaka inakaa imepigwa kwa ukungu wa Timboroa, na bando imeenda.

Mimi nahariri video hapa Eldoret. Harusi, koito, mahafali. Kazi moja inaweza kufika GB 20. Piga hesabu: kama intaneti yako inapandisha kwa Mbps 10, hizo ni zaidi ya saa nne, na bado ndugu yangu azishushe tena akiwa meza ya pili. Kwa waya wa Gbps 1 kupitia rauta ni dakika chache, na bando haiguswi, kwa sababu data haitoki nje ya nyumba. Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika huko chini ya bahari na intaneti ya Kenya ikaanza kutambaa, mitandao ya ndani ya nyumba haikuwa hata na habari.

Chombo chenyewe kinaitwa Samba, na ni cha bure. Andrew Tridgell alikianza akiwa mwanafunzi Canberra, Australia, akakitoa kwa watu mwaka 1992. Jina alilipata kwa kutafuta neno lenye herufi S, M na B, kwa sababu SMB ndio lugha ambayo Windows hutumia kugawana faili. Kwa hivyo Linux yako inaongea kitu ambacho laptopu ya mamako inaelewa tayari.

Kwa Ubuntu, ambayo kwa Kiswahili ni utu tu, unaandika sudo apt install samba. Unafungua /etc/samba/smb.conf, na chini kabisa unaongeza jina la folda kwa mabano ya mraba, path yake, na read only = no. Kila mtu anapewa nywila yake kwa sudo smbpasswd -a na jina lake, bora awe tayari ni mtumiaji wa hiyo kompyuta. Halafu sudo systemctl restart smbd. Kwa Windows unaandika anwani, mfano \\192.168.1.20\kazi, na umeingia. Ikifunguka lakini ikatae kuandika, angalia ruhusa za folda yenyewe kwa Linux. Hapo ndio wengi hukwama.

Sasa, wako wale watakuambia uweke guest ok = yes ndio usisumbuke na nywila. Hapo mimi nakataa kabisa. Wi-Fi ya nyumba zetu tunaijua: jirani aliomba, binamu alikuja likizo, fundi aliachiwa. Ukiweka hivyo, hao wote wanaweza kufungua hiyo folda. Bibi harusi alinipa video mimi, hakuipa Wi-Fi. Na usifungue mlango wa 445 kwa rauta eti ndio ufikie faili ukiwa nje. Mei 2017 WannaCry ilipitia tundu la SMB ya zamani kwa Windows, ikazima kompyuta mpaka za hospitali Uingereza.

Lakini kwangu sababu kubwa si kazi. Kogo, nyanya yetu, alituacha mwaka jana. Kulikuwa na video saba akisimulia kwa Kinandi, zimetawanyika kwa simu za watu. Simu ya mama iliibiwa stage. Ile ya kogo akiimba wimbo wa kulaza mtoto ilikuwa hapo pekee. Haiko tena, na hakuna mwenye anaukumbuka wote.

Zile sita ziko kwa folda moja sasa. Mama anaziona kwa simu yake jioni akimaliza kupika. Nilimuuliza kama anataka uwezo wa kuongeza na kufuta, akasema, "Niwekee nione tu, kidole changu hakiaminiki." Kwa hivyo folda ni read only = yes, na kwa write list tuko mimi na ndugu yangu pekee. Hiyo mistari miwili imetuliza nyumba kuliko mikutano ya familia.

Na usidanganyike: kugawana si kuhifadhi. Diski ikikufa, inakufa kwa kila mtu. Tuko na diski ya pili inakaa kwa shangazi Kapsabet, kila mwezi tunaongeza kilicho kipya.

Kama kuna kompyuta ya zamani inakula vumbi kwenu, wikendi moja inatosha. Anza na sauti za wazee. Harusi zitangoja.