Bwawa la Nairobi na Amana ya Maji

Familia nyingi za mwambao zina jamaa Riruta Satellite na Kawangware, mitaa ya magharibi ya Nairobi iliyo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko watoto wengi hukua bila ya kuiona pwani, na kuogelea hukusikia kwa wageni waliotoka kwetu.

Tulipowazuru, tuliivuka Barabara ya Ngong tukateremka hadi Makina, Kibera, kwa ndugu zetu Wanubi, kizazi cha askari wa Sudan waliokaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Bondeni, kuelekea Lang'ata, liko Bwawa la Nairobi. Lilijengwa mwaka 1953 kuzuia maji ya Mto Motoine, yawe akiba ya mji wakati wa dharura. Likawa pia mahali pa mapumziko: watu wakivua samaki na kuendesha mashua za tanga.

Leo magugu maji yameufunika uso wake, na tope limepunguza kina chake. Nyumba ziliongezeka pasi na mifereji ya majitaka wala majaa ya taka, na kila mvua iliponyesha uchafu uliteremkia humo. Hatuwalaumu maskini peke yao. Waliopewa dhamana ya mji nao wataulizwa.

Viwanja vya Nyayo, mwaka 1983, na Kasarani, mwaka 1987, vilijengwa pamoja na mabwawa ya kuogelea. Lakini kwa mtoto wa Riruta, nauli na kiingilio ni mlima.

Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Ikiwa hilo ni la mtu mmoja, yawaje majitaka ya mtaa mzima? Na katika mapokezi ya Annasai, kujifunza kuogelea kumetajwa miongoni mwa mambo manne yasiyohesabiwa kuwa ni upuuzi.

Basi enyi kina mama wa mwambao, maji yako mlangoni penu. Tengeni saa na mahali pa stara, binti afunzwe na mwanamke mwenziwe. Na mfereji wa majitaka wa nyumba usielekezwe baharini, kwani bwawa lile halikuharibika kwa siku moja. Lilijaa kidogo kidogo, watu wakiliona.

Wabillahi tawfiq.