Silaha za Mungu si za Kumpigia Jirani

Ni nadra sana Jumapili kupita huku kwetu Likoni bila ya mhubiri kutuhimiza tuvae silaha zote za Mungu. Mafundisho hayo yamo katika sura ya sita ya Waraka kwa Waefeso, na wengi wetu tunayajua kwa moyo: mshipi wa kweli, dirii ya haki, viatu vya utayari wa kupeleka habari za amani, ngao ya imani, chapeo ya wokovu na upanga wa Roho. Lakini je, umewahi kujiuliza tunavaa ili tupigane na nani?

Mimi nimeulizwa na mwanangu aliye shule ya upili: "Mama, maadui wenyewe ni hawa majirani tusiosali nao?"

Kwa mzazi wa Likoni, swali hilo si la mzaha. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari sita, kisha wakawageukia watu wa bara. Baadhi ya vijana hao walikuwa wamelishwa kiapo na kuaminishwa kwamba risasi hazingewadhuru. Watu wengi walikimbilia Kanisa Katoliki la Likoni kutafuta hifadhi. Tena, Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa jingine papa hapa Likoni, wakaua watu sita.

Kinga ya kuzuia risasi si jambo geni Afrika Mashariki. Katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, watu waliamini dawa ya Kinjeketile ingegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mwaka 1987 wafuasi wa Alice Lakwena wa Uganda waliingia vitani wamejipaka mafuta. Wengi waliangamia. Paulo hakuahidi kinga ya namna hiyo. Waraka wenyewe unamtaja akiwa katika minyororo, kwa hivyo alijua vizuri kwamba mwamini anaweza kufungwa na kuumizwa.

Tena waraka unaeleza wazi kwamba vita vyetu si juu ya watu wenye damu na nyama. Basi anayesoma sura hiyo kisha akamnyoshea jirani kidole ameisoma kichwa chini miguu juu. Adui ni uongo, chuki, uchochezi na tamaa, na hivyo havina kabila wala dini. Vinaweza kukaa kwangu na kwako pia.

Angalia jambo jingine, msomaji. Tumeambiwa "vaeni", si "vaa". Askari wa Kirumi alibeba ngao kubwa, na waliposimama bega kwa bega ngao zao ziliungana zikawa kama ukuta. Neno la Kigiriki la ngao hiyo limetokana na neno la mlango.

Nikifikiria mlango, namkumbuka mama wa Kidigo, Mwislamu, aliyewaficha wazazi wangu mwaka ule wa 1997. Hakuwa na panga wala bunduki. Walipokuja kuulizia, alisimama mlangoni akasema, "Hawa ni wageni wangu, na mgeni wangu haguswi." Wakaondoka. Mwanangu humwita nyanya mpaka leo, na jibu langu kwake lilikuwa hilo: "Nyanya yako ndiye adui?" Alinyamaza.

Sura hiyo inamalizia silaha kwa kutuagiza tusali na kukesha. Ukipita Kisauni, utaiona Kengeleni. Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na wamishonari wa CMS kwa ajili ya waliookolewa utumwani, na kengele yake ililia kuwaonya watu hatari ilipokaribia. Iliwalilia wote kwa pamoja.

Basi, msomaji, awe wa Likoni, Kisauni au Changamwe, kila mmoja na awe kengele ya mwenzake. Ukisikia uvumi kuhusu jirani, uchunguze kabla ya kuupeleka mbele. Huo ndio mshipi wa kweli. Kijana wako akianza kuitwa mikutano ya siri, muulize mapema. Na jirani akigonga usiku akiomba hifadhi, mfungulie mlango. Wahenga walisema umoja ni nguvu.