Kibaha mpaka Kisarawe, kusaka jiko la nje

KAMA unadhani Kibaha ni mahali pa kununulia maji na mahindi ya kuchoma kupitia dirisha la basi ukielekea Morogoro, basi msomaji wangu umepitwa na mengi. Siku hizi nusu ya watu ninaofahamiana nao hapa Dar ama wana kiwanja Kibaha, ama wanalipia kiwanja Kibaha kidogo kidogo, ama wanadanganya kwamba wana kiwanja Kibaha. Na hao wenye viwanja kweli, ukienda kuwatembelea utakuta nyumba imeishia kwenye lenta, madirisha ni mashimo matupu, nyasi zimeota sebuleni. Lakini ukizunguka nyuma unakuta jiko la nje limekamilika na linafuka moshi. Watu wanakula kwanza, kuhamia baadaye!

Mimi nilikwenda huko mwezi Juni kwa shughuli ya familia. Ukitokea mjini unapita Ubungo, unapita Kimara, unafika Mbezi kwenye ile stendi kubwa ya Magufuli iliyofunguliwa mwaka 2021, halafu unatafuta gari. Konda anaimba mwenyewe: "Maili Moja, Picha ya Ndege, Visiga, Mlandizi!" Kutoka katikati ya Jiji hadi Kibaha ni kama kilometa 40, lakini kwa foleni zetu zile ni kilometa 40 za kumaliza gazeti zima na la jirani yako pia. Wenye haraka wana treni ya umeme, SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024. Inasimama Pugu, Soga na Ruvu. Ila ukishuka Soga mambo ya bodaboda yanabaki palepale.

Watu wengi wanajua kwamba Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Wachache wanajua kuwa jina lake lilikuzwa na watu wa nchi za barafu. Mwaka 1963 Tanganyika ilitiliana saini na nchi za Nordiki, Uswidi, Norwei, Denmark na Ufini zikiwamo, kujenga pale shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha kufundishia wakulima. Mwaka 1970 wakakabidhi mradi kwa Serikali yetu, na ndio huo tunaouita Shirika la Elimu Kibaha. Hebu wafikirie wale jamaa, wametoka kwenye theluji wakashushwa kwenye joto la Pwani!

Kwao huko jiko la nje ni starehe ya miezi michache tu. Ukitaka kulijenga, msingi unauchimba mpaka upite ule udongo unaoganda wakati wa baridi, maana udongo ukiganda unavimba na kuinua nguzo. Maji nayo yakiganda yanaongezeka ujazo kwa kama asilimia 9, bomba linapasuka. Kwa hiyo kabla baridi haijaingia wanamwaga maji yote kwenye mabomba, wanafunika jiko, wanarudi ndani mpaka majira ya joto. Nilimweleza fundi mmoja wa Visiga habari hizi akaniangalia, akauliza, "Sasa wanajenga la nini?"

Nimeanzia mbali kwa sababu shangazi yangu naye ni mtu wa baridi. Katokea Makete, kule juu mkoani Njombe, ambako mwezi wa sita na wa saba umande unaganda juu ya majani ukawa barafu. Kule jiko ni chumba kilichozibwa. Moto uko katikati, mlango mdogo, na jioni ukoo mzima umeuzunguka: watoto, wageni, viazi kwenye majivu, na stori zote za kijiji zinamalizikia hapo. Ukimwambia mtu wa Makete ajenge jiko lisilo na ukuta atakuona unataka kumuua kwa baridi.

Shangazi ameteremka kuja kukaa na wajukuu. Binamu yangu anajenga Visiga, na nyumba, kama kawaida ya Kibaha, imegota kwenye lenta. Hela iliyobaki ilikuwa ya shangazi mwenyewe, aliyoipata kwa kuuza miti yake ya mbao. Ilitosha jiko moja. Likikosewa, hakuna la pili. Na kuna jambo lingine ambalo pale nyumbani lilikuwa linazungumzwa kwa sauti ya chini. Shangazi anakohoa. Miaka arobaini ya moshi si mchezo, na daktari alishamwambia wazi akae mbali na moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 pekee, kwa hiyo daktari hakuwa anamtisha mtu.

Pamoja na yote hayo, nilipofika nilikuta shangazi ameshachora ramani yake chini kwa kijiti: kuta nne hadi juu, mlango mmoja, kijidirisha kimoja. Fundi amesimama pembeni, mikono kiunoni. Ni Mzaramo wa Kisarawe, mtu mpole, lakini kwenye kazi yake hayumbishwi.

"Mama, hapa ukifunga namna hii utajipika mwenyewe."

"Na ukiliacha wazi, jioni wageni nitawakalisha wapi? Nje kama kuku?"

"Wageni watakaa barazani, mama."

"Baraza iko wapi? Wewe unaiona baraza hapa?"

Akaoneshwa nyumba isiyo na paa. Fundi akanyamaza. Mimi nikaombwa kuamua, kwa kuwa eti nimesoma na ninaandika magazetini. Nikasema fundi ana haki. Shangazi hakunijibu, alinigeuzia mgongo akaenda kupepeta mchele. Ndipo fundi akatoa wazo lililookoa siku: "Jumapili twendeni kwa mama yangu mzazi, Kisarawe, mkaone lake. Mama akilikataa, nitamjengea hilo boksi lake kama lilivyo."

Jumapili tukaenda. Njia ya kwenda Kisarawe ni burudani, nawashauri vijana mnaomaliza hela za wikiendi kwenye viti virefu mkaijaribu. Unapanda gari Gongo la Mboto, unapita Pugu, halafu barabara inaanza kupanda vilima na hewa inabadilika kabisa. Huko ndiko kuna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyoliwa sana na wachoma mkaa wa kutulisha sisi wa Dar. Leo ni hifadhi ya mazingira asilia na ole wako ukutwe na shoka. Kwenye vilima hivyo hivyo vya Pugu kuna udongo mweupe wa kaolini, ule unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri na matofali yanayostahimili moto.

Asubuhi ile Kisarawe watu walivaa masweta. Konda alikuwa na kofia ya sufi mpaka masikioni. Pwani yetu mwezi Julai alfajiri inashuka mpaka nyuzi 18 au 19 hivi, na kule vilimani upepo unaongeza chumvi. Shangazi alikuwa na khanga moja tu begani. Aliwatazama wale watu akacheka mpaka akakohoa: "Hii ndiyo mnaiita baridi?"

Mama wa fundi ni bibi wa makamo makubwa, mchangamfu kuliko sisi wote. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kutulisha mihogo, alitupeleka uani. Na hapo, msomaji wangu, nikaelewa kuwa jiko la nje si banda la kubandika tu popote penye nafasi.

Jiko lake liko magharibi mwa nyumba, hatua kama kumi na tano. Nikamuuliza kwa nini. "Mjukuu wangu, upepo wetu wote unatoka baharini." Kweli kabisa! Kaskazi ikivuma, inatokea kaskazini mashariki. Kusi ikivuma, inatokea kusini mashariki. Ukiweka jiko magharibi, mwaka mzima moshi unakwenda zake porini na mashuka yako hayanuki. Kwa sababu hiyo hiyo mvua ya upepo nayo inapigia upande wa mashariki, hivyo upande huo bibi ana ukuta wa udongo mpaka juu. Kusini na kaskazini ukuta unaishia kiunoni. Magharibi ni wazi, ila makuti yameteremshwa chini kidogo ili jua la alasiri lisimchome mpishi usoni.

Juu ya moto kuna uchaga wa fito, anakaushia mbegu za mahindi. Moshi unaopanda unafukuza wadudu kwenye mahindi na kwenye makuti pia. Kuni zimepangwa ndani, mguuni pa ukuta wa mashariki, kwa maana kuni mbichi ndizo mama wa moshi. Korosho haziruhusiwi kuchomwa humo. Ana mahali pake chini ya mkorosho, mbali, kwani mafuta ya ganda la korosho yanalipuka moto na moshi wake unawasha macho na ngozi. Anayekaanga korosho ndani ya nyumba, alisema bibi, huyo anataka kuachika.

Lakini kilichomkamata shangazi hakikuwa upepo wala makuti. Kilikuwa kibaraza. Kwa ndani, kufuata ule ukuta mrefu na kukunja kona, kuna kibaraza cha udongo kilichosuguliwa mpaka kinang'aa. Kinakalika na watu wanane. Shangazi alikaa. Akanyoosha miguu kuelekea motoni. Bibi akakaa upande wa pili, wakaanza kuongea habari za wajukuu kana kwamba wamejuana tangu utotoni. Mimi na fundi tulisimama pale kama nguzo, hakuna aliyetukumbuka. Ilipofika saa tisa nikasema tutakosa gari. Shangazi akajibu bila kunitazama, "Wewe tangulia."

Njiani kurudi hakusema mengi. Karibu na Pugu akamgeukia fundi: "Kibaraza kiwe kirefu kuliko cha mama yako." Basi, mjadala ukafungwa.

Sasa kwa wale wenye viwanja vya kweli, niwape mambo yalivyokwenda. Jiko la Visiga ni futi 10 kwa 12. Sakafu imeinuliwa nusu futi juu ya uwanja na kuzungushiwa mfereji, maana masika ya Machi hadi Mei hayana huruma. Kule Ufini adui ni barafu, Kibaha adui ni mchwa. Mirunda ilipakwa oili chafu upande wa chini na kusimamishwa juu ya zege, haikuzikwa kwenye udongo. Paa ni makuti kwa kuwa bati jua likiwaka ni kikaango, ila palepale juu ya moto fundi ameweka kipande cha bati chini ya makuti ili cheche zisije zikatuunguzia jasho la Makete.

Moto wenyewe ni jiko banifu la midomo miwili, limejengwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga. Udongo wa kichuguu unashikana vizuri na haupasuki ovyo kama wa shambani. Fundi alikuja na sufuria za shangazi mwenyewe akaumbia matundu kuzifuata, nafasi ya kidole tu pembeni. Moto hauna pa kukimbilia zaidi ya kwenye chungu, kuni zinaliwa kidogo, moshi unapungua. Nyuma yake inakuja dohani ya bati kutoa ule uliobaki. Kwa kifua cha shangazi hiyo dohani si pambo.

Najua kuna wajanja mnaosema, gesi je? Hata Serikali Mei 2024 ilizindua mkakati wa miaka kumi, inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Binamu ameshanunua mtungi mdogo, na daktari angefurahi ungetumika kila siku. Shangazi anauita bomu. Hata hivyo pamejengwa kimeza cha zege kwenye kona ya kaskazini, mbali na moto, ambako ukuta wa kiunoni umeachiwa matundu chini. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, kwa hiyo ile boksi ya kuta nne ingekuwa hatari kwa njia hiyo pia. Chai ya asubuhi tumekubaliana ipikwe kwa gesi. Ugali bado tunajadiliana.

Na yale mafiga matatu? Yapo. Shangazi aliyadai yawekwe mbele ya kibaraza, ya kuota moto tu jioni za Juni na Julai, kuni kavu peke yake, naye akae upande wa upepo. Binamu alitaka kupinga nikamkanyaga mguu.

Nilipopita juzi kila kitu kilikuwa tayari, kibaraza kimekauka, watoto wa jirani wameshakivamia. Kilichokuwa kinasubiriwa ni dohani tu. Fundi amesema Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi.